Yai Chini ya Kitambaa

Leo nimeaibika. Tena kanisani, tena mama mkwe akiwa ubavuni, tena na mimba ya miezi mitano. Rebeka, wewe ulikuwepo, kwa hivyo nyamaza niwaeleze wenzako mwenyewe kabla hujatia chumvi.

Mnajua Mama, huyo mama mkwe, alikuja kutoka nyumbani kunitunza. Analala kwa Rebeka, jirani yangu wa chumba cha pili, maana kwetu mzazi halali katika nyumba ya mwanawe, hata kama nyumba yenyewe ni chumba kimoja tulichopewa na tajiri wetu wa kazi nyuma ya jikoni hapa Parklands. Lakini kulala tu ndiko anakolala huko. Kukicha yuko kwangu, mlangoni, juu ya kigoda, anaangalia kinachoingia kinywani mwangu.

Na simlaumu. Mimba yangu ya kwanza ilitoka mwaka jana. Nililia mpaka Wanjala, bwana wangu, akawa anaogopa kurudi nyumbani. Hii ya sasa kila mtu anaishika kama kikombe cha mgeni.

Shida ni kwamba kila mtu ana lake. Kwetu mwanamke hali yai, na mwenye mimba ndiyo kabisa, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Mama aliniletea udongo wa kutafuna, ule mwekundu wa kichuguu, umefungwa vizuri kwa jani la mgomba. Nikaenda nao kliniki kumwonyesha sista. "Udongo una minyoo," akasema, "tupa. Maziwa uchemshe. Na yai kila siku, lakini liive." Basi mmoja anasema kula udongo uache yai, mwingine anasema kula yai uache udongo. (Mimi na tumbo langu hatukuulizwa.) Mnacheka, lakini kila nikimeza kitu nilikuwa najiuliza kama nimemlisha mtoto au nimemuua.

Nikaamua kumfuata sista, kimya kimya. Wanjala hununua yai sokoni, ananiletea ndani ya mfuko wa koti, nami nalichemsha humo humo katika sufuria ya chai. Chai ya maziwa haionyeshi kilicho chini. Mama akitoka kidogo, nalitoa, nalimenya, nalimeza. Mama mwenyewe huisifu sana chai yangu. Husema maziwa ya Nairobi yana nguvu.

Leo asubuhi chai ndiyo kwanza inaanza kuchemka, Mama huyo akaingia, amevaa tayari kwa kanisa.

"Pumzika, mwanangu. Leo nitamimina mimi."

Akageuka kuchukua vikombe. Nikalichota yai kwa kijiko. Sasa niliweke wapi? Gauni langu la Jumapili halina mfuko. Kitanda ameshakitandika yeye tangu alfajiri, akiona kifundo atakitandua. Nilikuwa nafunga kitambaa cha kichwa, basi nikalitia humo humo, utosini, nikakaza fundo.

Jamani, yai limetoka kwenye chai inayochemka! Machozi yakanitoka yenyewe. Mama akayaona, akaweka vikombe chini.

"Unamlilia yule wa kwanza?"

Nikasema ndiyo. (Mungu anisamehe.) Akanishika mkono, na hapo ndipo nilipokwisha, kwa sababu hakuniachia tena. Nikasema naenda chooni, akasema twende wote, mwenye mimba haendi peke yake. Akaningojea nje ya mlango akiimba. Mle ndani nilifikiria kulitupa shimoni. Nikashindwa. Chakula cha mtoto nitupe chooni? Na kulila humo humo, hapana, hata mapenzi ya mama yana mwisho.

Tukashuka kwa miguu kwenda mjini, Wanjala mbele, sisi wanawake watatu nyuma. Nimenyoosha shingo, sigeuki kulia wala kushoto. Watu wakinisalimu naitikia kwa macho. Mama akamwambia Rebeka, "Tazama anavyotembea. Mimba imemtia heshima." Rebeka, anayejua siri ya mayai na ameshaona uvimbe chini ya kitambaa, akashikwa na kikohozi mpaka tukafika River Road.

Kanisani mchungaji akasema tuinamishe vichwa. Kanisa lote likainama. Mimi nikafumba macho tu.

"Inama," Mama akaninong'oneza.

"Shingo imekaza, Mama."

Ningejua ningeuma ulimi. Nilimwona akibadilika uso. Mwaka jana mambo yalianza na mgongo kukaza, na yeye ndiye aliyenikanda mpaka asubuhi bila kufaulu. Ibada nzima hakuimba. Watu walipoanza kuinuka akanivuta mkono moja kwa moja mpaka mbele.

"Baba Mchungaji," akasema, "shingo imemkaza. Ile nyingine ilianza hivi hivi. Tuombee, tusimpoteze na huyu."

Pale pale nilitaka kusema kweli. Badala yake nikapiga magoti.

Sasa mchungaji wetu mnamjua, kabla ya kuitwa alikuwa mwashi. Mikono ni ile ile ya kubebea mawe. Akaniwekea kichwani yote miwili, mimi nikajikunyata, yeye akadhani ni unyenyekevu. Maombi yakaanza polepole. Halafu yakapata moto, na kila akisema "Bwana" mikono inazidi kushuka.

Likapasuka.

Na kumbe halikuwa limeiva. Ute ukateremka kwenye paji la uso, kiini kikafuata nyuma, kikapita kando ya pua. Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Mafuta! Ametiwa mafuta!" Waliokuwa mlangoni wakarudi. Wengine wakaanzisha wimbo. Mchungaji akafumbua macho, akatazama kiganja chake, akaona ganda.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Yai, Baba."

"Limetoka wapi?"

"Kwa kuku, Baba."

(Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Akili ilikuwa imeshaondoka, imetangulia nyumbani.) Wimbo ukafa sauti moja moja. Nikamtafuta Wanjala upande wa wanaume. Alikuwa ameinua uso anahesabu mabati.

Mama hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Umekuwa ukila mayai?"

"Ndiyo, Mama. Sista aliniambia yanamjenga mtoto."

"Na ile ya kwanza? Ulikula?"

Ute unanidondoka kidevuni, na bado nikaona afadhali nimalize.

"Ile ya kwanza sikula hata moja, Mama. Yai, kuku, kila ulichonikataza nilikiacha. Na ilitoka."

Nilijua sasa atageuka, afungashe, apande basi arudi nyumbani, na Wanjala hatanisamehe. Akavua leso yake begani, akaanza kunipangusa. Paji la uso, macho, pua, kidevu, taratibu, jinsi anavyopanguswa mtoto aliyekula uji. Alikuwa analia na mimi nalia.

"Basi ile tuliilea kwa njia yangu," akasema. "Hii tuilee kwa njia ya sista." Halafu akainusa leso, akakunja uso. "Lakini si ulisema alikuambia liive? Hili ni bichi kabisa."

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukohoa, haikumsaidia. Kwaya ikafuata, Rebeka akaketi sakafuni, na mimi mwenyewe nikacheka mpaka tumbo likatikisika. Hapo ndipo mtoto alipopiga teke. Miezi yote hii nilikuwa nangoja, nasema labda kesho. Nikauchukua mkono wa Mama, wenye yai na yote, nikauweka pale. Akapiga tena.

Mama akasikiliza kwa kiganja.

"Hata akizaliwa bila nywele," akasema, "miguu anayo."

Basi tumerudi. Mama amemtuma Wanjala yai jingine, amelichemsha mwenyewe kwenye maji matupu, akalilinda mpaka likawa gumu kama jiwe, nami nikalila mlango wazi huku ananiangalia. Udongo wake ameumwaga penye mchicha. Kichwa nimekiosha kwa sabuni ya kufulia na nzi bado wananipenda.

Ndiyo hayo. Msinicheke. Au chekeni, lakini kwa sauti ya chini, maana huyu humu tumboni amecheza tangu kanisani na ndiyo kwanza amelala.