Hesabu za Betri ya Meneja

Jumatatu, 4 Agosti

Nashukuru. Leo nimeaminiwa! Kesho mama mkwe anaingia hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho, na tangi lake la samaki limeletwa kwangu. Kwangu! Si kwa shemeji, mwanawe wa kumzaa, mwenye sebule pana na mapazia mazito. Mama mkwe alisema kwangu hapakosi watu, maana kinyozi kama mimi, anayenyolea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, hana pa kwenda. Shemeji alilibeba tangi mpaka mezani, uso kaukunja. Nikamshikia mlango kwa adabu zote.

Samaki ni mmoja tu. Mnene, rangi ya dhahabu, anaitwa Meneja kwa sababu kutwa anazunguka akikagua na hafanyi kazi yoyote. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemnunua, muda mfupi kabla hajatutoka. Mama mkwe huongea naye kila asubuhi. Alinishika mkono akaniambia kwamba siku bandeji zikitolewa, anataka amwone Meneja kwanza, ndipo atutazame sisi wengine. Nikamwambia aende salama, Meneja yuko mikononi mwangu. Kisha nikaenda jikoni kupangusa macho.

Niliporudi, shemeji akauliza mbele ya watu wote: umeme ukikatika huku, nitafanyaje? Huku! Kana kwamba kwake haukatiki. Nikamjibu kwamba nina mpango.

Sasa inabidi nipate mpango.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa muuza betri. Mtu mwema sana, Mungu ambariki. Alinieleza taratibu. Soma wati za kila kifaa. Jumlisha. Zidisha kwa saa unazotaka betri ikushikilie. Halafu chukua kubwa mara mbili ya hapo, kwa sababu betri haipendi kukamuliwa mpaka tone la mwisho.

Nikarudi nyumbani nikasoma vibandiko vyote. Pampu ya mapovu, wati chache tu, hata aibu kuziandika. Chujio, chache pia. Taa, si haba. Hita ya kupashia maji: mia moja na hamsini! Peke yake! Mke wangu anasema samaki wa aina hii hata haihitaji, ila mama yake anaamini Meneja ni mtu wa kusikia baridi.

Nikapiga hesabu. Ikatoka betri ya kubebwa na wanaume wawili. Nikapiga tena. Ikatoka ileile. Nilikaa na kalamu mdomoni mpaka chai ikapoa. Ndipo akili ikanifunguka. Nikaiondoa hita kwenye hesabu. Papo hapo kila kitu kikakaa sawa, na betri ya kubeba kwa mkono mmoja ikatosha, tena ikabakia! Kumbe hesabu si ngumu. Zinataka moyo tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Betri imefika. Inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, nayo imefika. Nimeunganisha mwenyewe, na sikurushwa na umeme hata mara moja. Nashukuru kwa hilo pia.

Nikamwita mke wangu ashuhudie. Nikazima swichi kuu ya nyumba. Redio ikanyamaza, jokofu likanyamaza, lakini tangi likaendelea kung'aa na kutoa mapovu kama hakuna kilichotokea. Nilitaka kupiga vigelegele.

Mke wangu akauliza kama nimechomoa hita. Nikamweleza kwamba hita haimo kwenye hesabu. Akaniuliza tena kama nimeichomoa. Nikamweleza tena, polepole zaidi. Akanitazama kitambo, akarudi kwenye pasi yake, akakumbuka hakuna umeme, akanitazama tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya fahari! Habari zimeenea. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu amesikia hesabu yote tangu mwanzo, na kila mmoja nimempeleka sebuleni na kitambaa chake shingoni kuona maonyesho. Nazima, tangi linawaka. Nawasha, nazima tena. Mama muuza mboga ameomba arudiwe. Mwenye duka la jirani amekuja na wageni wake. Wamesimama wima sebuleni, wamenyamaza kama wako mazishini.

Shemeji naye akapita, eti kumjulia hali Meneja. Huyo nimemwonyesha kwa muda mrefu, makusudi, huku nikipiga mluzi. Akasema anaomba Mungu idumu. Wivu huo!

Jioni inveta ilikuwa na kitaa chekundu. Kizuri, kinapendezesha chumba.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekoma.

Mchana nilikuwa na mteja, dereva wa lori, nimemaliza upande wa kushoto tu. Mashine ikafa mkononi. Umeme umekatika! Siwezi kudanganya, moyo wangu ulifurahi. Hatimaye! Nikamshika dereva mkono, nusu kichwa hivyohivyo, nikamkokota sebuleni akaone maajabu.

Tukayaona. Inveta ililia mlio mrefu, kama mbuzi aliyekanyagwa, ikanyamaza. Taa ikazimika. Mapovu yakakatika. Nikaipiga kofi. Nikaibembeleza. Wapi!

Tukasubiri umeme urudi. Haukurudi. Baada ya muda Meneja alipanda juu, akaanza kuvuta hewa kwa mdomo, taratibu, kama mzee aliyepanda ngazi nyingi. Nikamwona mama mkwe na bandeji zake, anaulizia samaki wake. Nikakaa chini sakafuni.

Mke wangu akampigia simu kaka yake. Ningemkataza, ila alikuwa keshapokelewa.

Shemeji alifika anakimbia, kavaa ndala moja ya kwake na moja ya mkewe. Sikusikia hata neno moja la kunisuta. Alitia mkono ndani ya tangi, akasema maji yana joto, akafuata waya wa hita mpaka kwenye inveta, akauchomoa, akautazama, akanitazama mimi. Basi. Halafu akaomba jagi. Akachota maji ya tangi, akayainua juu, akayamwaga humohumo yakafanya povu. Akachota tena. Akasema baba yao alikuwa akiwafanyia hivi samaki wake wa zamani, kabla hawajaijua pampu.

Tukapokezana. Shemeji, mke wangu, mimi, na dereva wa lori nusu kichwa, aliyekataa katakata kuondoka. Alisema hawezi kumwacha mgonjwa. Chota, inua, mwaga. Mikono ikawaka moto. Shemeji akawa anasimulia jinsi baba yao alivyomleta Meneja nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, na kumwambia mama yao kwamba kamletea mtu wa kubishana naye. Katikati ya hadithi akashindwa kuendelea. Mke wangu naye akalia. Mimi nikalia zaidi ya wote wawili, ingawa marehemu hakuwahi kunipenda sana.

Umeme ulirudi jua linazama. Meneja akashuka, akazunguka tangi zima, akaanza kukagua. Nikamkumbatia shemeji, maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikammalizia dereva upande wa kulia, bure, na ndevu juu yake.

Jumapili, 10 Agosti

Mikono hainyanyuki. Mke wangu amenichana nywele. Nimemshukuru.

Nilikwenda kwa shemeji kumwomba, kwa unyenyekevu, asimwambie mama. Nilitegemea anile nyama. Badala yake alinikaribisha ndani, akanong'ona kwamba kwake nako umeme ulikatika jana, na yeye hakuwa na mpango wala betri wala chochote. Angekuwa na tangi, angekuwa peke yake na jagi. Tukacheka mpaka mkewe akaja kuchungulia.

Kumbe ni mtu mzuri. Miaka yote hii nimekuwa nikimwonea kijicho mtu mzuri!

Jumanne, 12 Agosti

Bandeji zimetolewa. Mama mkwe aliletwa moja kwa moja kutoka hospitali hadi kwangu, macho kayafumba, mwanawe kamshika bega. Tukamkalisha mbele ya tangi. Akafumbua.

Meneja akaja kwenye kioo, akamtazama. Kisha mama mkwe akasema, mzee wangu, kumbe una mistari ubavuni, na sijawahi kuiona vizuri. Alimwita hivyo, mzee wangu. Baadaye ndipo akatugeukia, mmoja mmoja, akianza na mimi. Akasema nimezeeka, akanishukuru, akaniita mwanangu. Shemeji akamwambia kwamba umeme ulikatika na kwamba nilikuwa na mpango. Akaishia hapo! Nitamlipa nini mtu kama huyu?

Nimepata la kumlipa. Mkewe ana mashine ya kutotolea vifaranga, imejaa mayai, na roho yao haitulii kila umeme ukiyumba. Nitawafungia betri yangu, iwe zawadi, bila wao kujua. Leo wakiwa bado kwa mama nimepita kuikagua mashine. Ina feni ndogo, haili chochote. Ina kipimo, hakili chochote. Tatizo ni taa moja tu ya joto, inayokula umeme kupita kiasi.

Nimeiondoa kwenye hesabu.