Makofi ya Shangazi Bungeni

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi kaapishwa. Juzi tu alikuwa wakili wa wezi wa kuku, leo Mheshimiwa. Kipaza sauti cha kampeni nilibeba mimi, begani. Sasa anataka msaidizi mmoja wa bungeni, nasi tuko wawili: mimi na karani wa ofisi yake, ninayemwita Miwani. Ataamua baada ya hotuba yake ya kwanza, Alhamisi. Miwani ana diploma. Mimi nina sura.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi sebuleni. Hotuba ni ya akina mama wa soko, hawana choo. Kabati ndilo Spika. Tatizo, Shangazi bado yuko mahakamani. Kabati kaliita "Mheshimiwa Hakimu" mpaka nikalihurumia. Kwenye "kwa mujibu wa" ya tatu nikasinzia. Miwani akasema hotuba imekaa vizuri. Mnafiki. Mimi nikasema inalaza watu. Nikatumwa kuosha gari. Sponji mkononi, wazo likanijia: makofi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata kikosi: kinyozi, fundi viatu na mapacha wa gereji. Nikikohoa, wapige. Kinyozi akauliza kama inaruhusiwa. Nikamuuliza bunge ni la nani. Akasema la wananchi. Nikamuuliza yeye ni nani. Kwisha habari yake. Miwani naye kaniuliza kama nimesoma kanuni za wageni. Nikamwambia asome yeye, mimi macho yangu mazima.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kasimama, pua kwenye karatasi. Sisi tuko jukwaa la wageni. Sentensi ya pili tu, vumbi likaniingia kooni. Nikakohoa kikohozi halali kabisa. Vijana wakalipuka. Kinyozi akaongeza mluzi, ambao sikumfundisha. Kumbe mgeni kule haruhusiwi hata kufurahi. Spika akafoka, askari akanidaka ukosi.

Shangazi akaweka karatasi chini. "Mheshimiwa Hakimu, mteja wangu hana hatia, ana ujinga tu."

Bunge zima likaangua kicheko, na yeye akafunguka. Akasema hata mkorofi huyu, huko koridoni anakoburutwa, atapita choo chenye maji na sabuni. Mama wa soko amekosa nini? Mezani wakagonga wote, hadi wapinzani. Nilisikia nikiwa mlangoni. Choo nilikiona. Kizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Waziri kaahidi choo cha soko. Usaidizi kapewa Miwani. Mimi marufuku kukanyaga bungeni mwaka mzima. Nikamkumbusha Shangazi kwamba bila kikohozi changu angekuwa bado anasoma. Akasema, "Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakupenda ukiwa mbali."

Kanipa funguo za ofisi yake ya zamani. Nipokee simu, nisiguse faili, wateja niwaelekeze kwa wakili wa ghorofa ya chini.

Kiti chake kinazunguka, raha tupu. Asubuhi kaja mzee mmoja, jirani yake kamjengea ukuta uani. Mchana kaja jirani mwenyewe. Kuwarudisha watu wazima kwenye ngazi niliona ni utovu wa adabu. Kesi zote mbili nimepokea. Kila mmoja nimemhakikishia atashinda.