Viatu vya Karani Ndululu

Jumatatu, 15 Februari 1988

Kazi, hatimaye! Miezi mitatu tangu nifungue ofisi ya upelelezi nyuma ya buchari, Kitui mjini, na mteja wa pekee alikuwa mwenye buchari, aliyepotelewa na kisu. (Nilikuwa nacho mimi.) Leo amekuja Nzilani, mjane wa karani Ndululu. Nikavaa haraka koti langu refu la mvua. Mvua haijanyesha tangu mwaka jana, lakini mpelelezi bila koti ni mtu tu.

Ndululu alikutwa Alhamisi amekufa ndani ya kisima cha mchanga, shimo la maji lililochimbwa kwenye mto mkavu. Polisi wameandika: mlevi, ameanguka. Nzilani anasema mumewe hakuonja pombe tangu aokoke mwaka wa 1971. Sasa kanisa limekataa kumzika mlevi. Mjane hataki kisasi. Anataka mchungaji asimame kaburini, na watoto wasiitwe watoto wa mlevi. Alilia. Mimi pia kidogo, kwa sababu ya joto la koti.

Ushahidi wa kwanza: siku ile dereva wa Mheshimiwa Kiema, mbunge wetu, alileta ujumbe. Barua ya Ndululu ya kupandishwa cheo iko tayari, aje kuichukua kisimani saa kumi na moja jioni, peke yake. Akavaa suti ya kanisa, akaenda. Mjinga gani anafuata barua ya serikali kisimani?

Jumatano, 17 Februari

Fumbo limefumbuliwa, na sijatoka kitini. Ndululu ndiye aliyepangiwa kuhesabu watu Jumatatu ijayo, siku ya kura ya mlolongo, kila mpiga kura akisimama nyuma ya mgombea wake. Nzilani anasema Mheshimiwa alimwambia aongeze vichwa. Akakataa. Jibu liko wazi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa. Si kumshtaki! Kumjulisha kwa adabu kwamba najua, na kwamba naibu wa chifu wa kwetu anastaafu. Alicheka sana, akanimiminia chai kwa mkono wake. Akasema nikinyamaza mpaka Jumatatu ipite, barua ya kazi nitaipata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumamosi, 20 Februari

Nzilani hataki kungoja. Amenipeleka kwa susu Kalunde, bibi kizee mganga, huku amejifunika leso mpaka machoni, maana ni mwanakwaya. Kalunde alimwaga mbegu za kibuyu chini, akazihesabu, hakupenda hesabu. Akasema mganga mwenzake ameajiriwa kuwaita wafu waje kumpangia Mheshimiwa mstari. Ndululu atakuwemo. Watu watawaona kama wageni tu. Mimi nikipakwa majivu yake kwenye kope, nitawajua.

"Mwite kwa jina lake mbele ya watu," akaniambia. "Wote watamtambua, naye atasema aliyemuua. Ukinyamaza, mwanangu, hatarudi tena."

Nimepakwa. Macho yanawasha.

Jumatatu, 22 Februari

Uwanja wa shule. Mstari wa mpinzani, mwalimu mstaafu, ulizunguka goli mara mbili. Wa Mheshimiwa ulikuwa na watu thelathini, na nusu yao jamaa zake. Saa nne wageni wakaanza kuingia, kimya, bila kusukumana. Hapo nikajua si wapiga kura wa kawaida. Walikuwemo waliokufa kwa njaa ya 1961, bado wamekonda. Alikuwemo marehemu mjomba wangu. Hakunisalimia.

Mbele yangu, katika mstari wa Mheshimiwa, Ndululu. Suti ya kanisa, viatu vimejaa mchanga wa majimaji, kisogo kimepasuka. Alipigwa kwa nyuma.

Nzilani na mchungaji walikuwa hatua kumi tu, macho yao kwangu. Ndululu akageuza shingo kidogo, akaningoja. Jina lilikuwa mdomoni! Mheshimiwa akagusa mfuko wa koti lake, bahasha ikachungulia. Nikakohoa. Karani mpya akamgusa Ndululu begani, akataja mia nne na kumi na mbili. Akanigusa mimi: na tatu.

Mheshimiwa ameshinda. Ndululu, aliyekataa kuongeza hata kichwa kimoja, ameongezwa yeye. Niliona aibu. Niandike hivyo. Aibu kubwa, mpaka chakula cha mchana.

Alhamisi, 25 Februari

Wamemzika Ndululu. Mchungaji hakuja. Nzilani aliimba peke yake, beti zote, na watoto wakafukia. Nilisimama nje, ng'ambo ya ua wa miiba. Akanijia, hakunitukana.

"Nilikuwa nakutazama wewe, Mutie," akasema. "Ulimwona."

Nikamwambia macho yalikuwa yanawasha. Wateja wengine hawana shukrani.

Jumanne, 1 Machi

Ushindi! Dereva wa Mheshimiwa amekuja. Barua yangu ya unaibu wa chifu iko tayari, niichukue leo kisimani, saa kumi na moja jioni, peke yangu. Nilisita kidogo, kama mpelelezi. Lakini Ndululu aliitwa kwa sababu alikuwa mbishi, na mimi naitwa kwa sababu nilinyamaza. Tofauti kubwa. Nimevaa koti.

Susu Kalunde amepita mlangoni sasa hivi. Ameangalia viatu vyangu muda mrefu, kisha akaniomba nivikung'ute mchanga. Uzee huo. Nimevipaka rangi asubuhi, ni safi kabisa.