Uzi Namba Sitini

Jumatatu, 16 Juni 2025. Mbinga.
Leo nimeiona ikitoboa! Cherehani mpya ya ngozi ya Mzee Hamidu. Nyeusi, nzito, wanaume wanne wameishusha huku wakiguna. Mzee kakunja ngozi ya ng'ombe mara tatu, kakanyaga, ikapita kama anashona leso. Nimevua kofia bila kujijua. Miaka miwili nashona viatu kwa mkono kwenye kibaraza chake, sijaona kitu cha kutisha na kupendeza namna hii.

Mzee kasema macho yake yamechoka, anatafuta wa kumwachia kiti cha cherehani. Ama mimi, ama Saida, mwenzangu wa kibarazani. Bendi ya kigango, kanisa letu dogo la mtaani, ina ngoma kubwa mbili na maandamano ya Ekaristi ni Jumapili. Kila mmoja wetu ashone mkanda mmoja wa kubebea ngoma. Atakayeshona vizuri ndiye atakayekaa. Nakitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka mke.

Jumanne, 17 Juni.
Kabatini kuna uzi wa aina mbili. Namba 20 na namba 60. Nimecheka peke yangu. Mimi ni mtoto wa Mbamba Bay, baba yangu kashona nyavu maisha yake yote. Kwenye nyavu hata mtoto wa darasa la kwanza anajua: namba ikipanda, uzi unanenepa. Namba tatu ni ya kuvulia usipa, dagaa wa ziwani kwetu. Namba kumi na nane inavuta mtumbwi. Sasa sitini!

Nimeuwahi. Nimeuficha chini ya aproni. Saida nimemwachia ishirini. Nilimwonea huruma kidogo, lakini mchezo ni mchezo.

Ajabu ni kwamba wa sitini ni mwembamba. Mwembamba kabisa! Nimeuinua kwenye mwanga nikastaajabu. Viwanda vimefika mbali: nguvu zote za sitini zimebanwa ndani ya unyuzi wa kushonea shati. Macho hudanganya, namba hazidanganyi.

Jumatano, 18 Juni.
Uzi mkubwa unataka sindano kubwa. Nimefunga namba 24, kubwa kuliko zote bokisini. Inaingia kwenye ngozi kama msumari! Mishono nimeibana sana, maana mishono mingi ni nguvu nyingi. Nusu saa, mkanda umekwisha.

Saida kafunga sindano namba 22. Kashona kwenye kipande cha ngozi ya kutupa. Kavuta. Kalegeza uzi. Kashona tena. Asubuhi nzima anashona takataka! Kaniuliza kwa upole kama mimi sijaribu kwanza. Nikamjibu kwamba anayejaribu ni mwenye shaka. Akasema haya kaka Erasmo, ila uzi wako unacheza kwenye tundu, na matundu yamesogeleana mno.

Wivu huo. Nimemsamehe.

Jumapili, 22 Juni.
Ee Mungu.

Maandamano yalianza vizuri. Mkanda wa Saida aliuvaa mpiga ngoma Glorious, wangu aliuvaa mwenzake Florian, mtu mwenye mabega ya kubeba dari. Nilitembea karibu naye ili watu wajue. Tukapanda kilima. Florian akapiga, dum, mimi nikatetemeka kwa fahari. Akapiga tena. Nikasikia krrrr. Mkanda ulichanika kwenye mstari wa mishono yangu, tundu hadi tundu, kama karatasi inayong'olewa kwenye daftari.

Ngoma ikaanguka, ikasimama wima. Ikageuka. Ikateremka! Katekista akaruka pembeni. Masista wakagawanyika pande mbili. Ikapita katikati ya njia iliyomwagwa maua, ikaingia uani kwa Mama Gertruda na kulala juu ya chanja ya kuanikia kahawa. Nakiri, hofu ilinishika, lakini sijawahi kuona ngoma ikienda kwa heshima vile.

Mama Gertruda kauliza kwa sauti aliyeshona ni nani. Florian kaninyooshea kidole. Glorious kapiga ngoma yake hadi kanisani.

Jumatatu, 23 Juni.
Nimemwamkia Mzee Hamidu shikamoo, kaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Kaokota mkanda. Kasema sindano pana imeacha matundu mapana, uzi mwembamba haukuyajaza, na mishono ya karibu karibu imeikata ngozi. Kisha kasema neno lililonikalisha chini. Uzi wa cherehani si wa nyavu. Namba yake ikishuka, unene unapanda! Ishirini ndio mnene!

Nimekaa kibarazani nikiutazama ule uzi. Dunia nzima kichwa chini miguu juu. Nani aliyajua haya, na kwa nini alinyamaza?

Kiti kapewa Saida. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Jumanne, 24 Juni.
Saida ana moyo. Kasema cherehani ni kubwa, siku saba ni nyingi kwa mtu mmoja. Nishone mkanda mpya wa Florian. Ukishika, nitakaa siku tatu kila wiki. Mzee kakubali kwa kuguna. Kanisisitizia nijaribu kwanza kwenye kipande. Nimeapa.

Jumatano, 25 Juni.
Sasa nimeelewa kila kitu. Uzi nimechukua ishirini. Na sindano? Saida kanitolea namba 22, kaiacha mezani, kaenda kuswali adhuhuri. Nimeirudisha bokisini. Hakuna mtu wa kunidanganya tena! Namba ikishuka, unene unapanda. Nimefunga namba 14.

Uzi umekataa kuingia tunduni. Nimeulamba, nimeusokota, nimeuchonga kwa wembe. Nusu yake ikapita. Nikakanyaga bila kujaribu, muda ulikuwa mdogo. Pah! Kipande cha sindano kimepita sikioni kwangu na kusimama ukutani. Nguvu ya ajabu. Ni wazi namba 14 bado ni nyembamba kwa ngozi hii.

Nimekimbia dukani kwa Shamimu, muuza sindano, kabla Saida hajarudi. Nimeagiza namba tisa.