Rasimu ya Kwanza ya Profesa

Kaka wa mshona magauni, naye fundi wa suti, hakuwahi kuandika jambo mara moja. Kwanza aliandika ukweli kama ulivyomkaa rohoni, akausoma, akatabasamu, kisha akauchana na kuandika adabu. Ndivyo alivyoandika barua ya posa, na ndivyo alivyowajibu wateja waliolalamikia suruali. Kwa njia hiyo akajulikana kuwa mtu mwenye ulimi wa asali, na mafundi wenzake wakambandika jina la Profesa.

Sasa kundi lao la mtandaoni, mafundi cherehani arobaini na wawili ambao wengi hawajawahi kuonana, lilikuwa linaandika kitabu cha ukataji nguo. Kila fundi alikuwa na sura yake, na zote zilikuwa katika waraka mmoja ambao kila mtu aliufungua akiwa kwake. Saa kumi wangepiga kura ya kumchagua mhariri mkuu. Profesa, aliyekuwa ameshawaruhusu wateja watatu kumwita Mhariri, aliamua kuitumia saa iliyobaki kuandika maoni chini ya kila sura, ili watu waionje hekima yake kabla ya kuipigia kura.

Akaketi chumba cha mbele cha duka lao la ushonaji, penye kompyuta, utepe wa kupimia shingoni kama nishani ya vita. Mdogo wake, yule mshona magauni, alikuwa nyuma ya pazia akipiga pasi, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji, waraka uko wazi.

Kwenye skrini ya simu, kishale chenye jina la kaka kikatua chini ya sura ya kola, kazi ya mwenyekiti wa kundi. Herufi zikaanza kuchipuka mojamoja: "Kola hii inafaa kufungia mbuzi." Kikatulia. Kisha maneno yakaliwa kinyumenyume mpaka yakaisha, na mahali pake pakaota mengine: "Hongera, mwenyekiti. Kola imetulia."

Pasi ikasahauliwa juu ya gauni la watu hadi ikatoa moshi. Kaka yake alidhani waraka ule ni kama barua, kwamba hakuna aonaye mpaka mwenyewe aseme tayari. Kumbe juu ya ukurasa palikuwa na vijiduara arobaini na viwili, kimoja kwa kila fundi aliyekuwa humo akisoma.

Pazia lilikuwa hatua mbili tu. Neno moja lingemwokoa. Mdogo akapiga hatua ya kwanza, kisha akakumbuka kwamba sura yake mwenyewe, ya mikono ya nguo, ilikuwa ya tatu kutoka pale. Miaka kumi na miwili alikuwa akimwonyesha kaka kazi zake, na jibu lilikuwa lilelile: inaridhisha.

Akarudi, akaketi.

Sura ya mifuko: "Huyu alifundishwa na panya." Ikafutwa. "Ubunifu wa hali ya juu." Sura ya pindo: "Bora angeuza vitunguu." Ikafutwa. "Tunajivunia kuwa nawe." Mafundi wote wakanyamaza kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani, hakuna anayetaka kukohoa.

Kishale kikafika kwenye mikono. Kikapepesa kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu ananishinda. Tangu mwaka juzi mikono ya suti zangu nakata kwa vielelezo vyake vya karatasi, navichukua akienda kula."

Kikatulia. Maneno yakaliwa. "Kazi ya kuridhisha, ila bado ana safari ndefu."

Saa kumi ikafika. Profesa alipata kura moja, na aliyeipiga alikuwa yeye. Mdogo wake alipata arobaini. Mwenyewe hakupiga, kwani macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwenyekiti akaandika kumshukuru Profesa kwa maoni yake yote, ya kwanza na ya pili.

Kisha pazia likasogea. Kaka alisimama akiukunja utepe, akiitazama pasi, akauliza kama ile rasimu ya kwanza alikuwa ameisoma. Mdogo akamjibu kwamba ameisoma.

"Haya," kaka akasema. "Ila ya pili ndiyo rasmi."