Mtumiaji Namba Moja Hajasaini Kutoka

Siku ambayo mume wangu Tajudini alianza kutokuwepo ilikuwa Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na ilikuwa pia siku ya maendeleo. Asubuhi hiyo Bwana Népomuscène, Mkurugenzi, alisimama jukwaani kando ya ziwa akatangaza kuzaliwa kwa Ofisi ya Kuboresha na Kuhifadhi Njia ya Umma ya Kufikia Meli Iliyozama, kwa kifupi OKUHINJUME. Alisema kuanzia dakika ile wananchi wa Bujumbura wana ruhusa kamili ya kufika mahali walipokuwa wakifika.

Tulipiga makofi.

Meli yenyewe ilizama zamani na shehena ya chumvi, hatua themanini kutoka ufukweni, na watu wanaiita Chumvi. Wavuvi husema samaki wa pale hawahitaji kuongezwa kitu sufuriani. Huhitaji mtumbwi kuifikia. Unateremka kwa kijia, unaingia majini kwa miguu yako, unaogelea kidogo, unapiga mbizi. Kulia kwa kijia kuna ukuta wa hoteli, kushoto kuna ukuta wa kiwanja cha mkubwa fulani, na njia ni hiyo moja tu. Zamani ilikuwa na mchanga tu, basi. Ofisi iliiboresha kwa kuweka geti, ikaihifadhi kwa kuweka kufuli.

Karibu na geti kulikuwa na meza, daftari kubwa, kalamu iliyofungwa kamba, na mlinzi anayeitwa Vainqueur. Kanuni ziliandikwa ubaoni. Ibara ya nne: eneo, yaani kuanzia getini hadi melini, litapokea mtumiaji mmoja kwa wakati, ili meli isichoke. Ibara ya sita: anayeingia atasaini, anayetoka atasaini akitokea majini, na ambaye hajasaini kutoka yumo. Ibara ya saba: aliyemo hatasaini hati nyingine yoyote, ili karatasi za serikali zisilowe. Ibara ya kumi na moja iliwataja viboko kama watumiaji wasio rasmi.

Tajudini alikuwa fundi wa magari mtaa wa Buyenzi. Petroli ilipoadimika magari yalilala, naye akabaki na kompresa ya kujazia matairi bila tairi la kujaza. Akaifunga mpira mrefu wa hewa, akaweka ncha mdomoni, akashuka kuitazama Chumvi. Baadaye akawa anawapeleka na wengine: wanafunzi, wageni, hata bibi harusi mmoja na hina yake mikononi. Kwa ajili ya uzinduzi alikuwa ametunza lita mbili za petroli kwenye chupa za maji. Mkurugenzi alitaka mtumiaji wa kwanza mbele ya kamera, na Tajudini alipenda kuwa wa kwanza.

Aliandika: Namba 1. Tajudini. Fundi. Saa 3:10. Lengo la ziara: kuangalia. Kisanduku cha kulia, cha kutoka, kilibaki wazi kama kanuni inavyotaka. Rafiki yake Amissi, aliyekuwa akiiangalia mashine, aliandikwa kama kiambatisho cha kompresa.

Saa tatu na nusu mpira ulirudi juu peke yake. Wakati huo Mkurugenzi alikuwa ameshakwenda kwenye mapokezi.

Wavuvi walimtafuta siku tatu, wakitokea upande wa maji, ambao kanuni ilikuwa haijaufikiria. Hawakumpata. Msikitini waliswali sala ya maiti asiyekuwepo. Siku ya nne niliteremka ziwani. Sikutaka mengi. Nilitaka kusimama pale alipolowa miguu, niitazame meli, nimwombee dua.

"Pole sana, mama," Vainqueur alisema. "Lakini ndani imejaa."

"Nani amejaza?"

"Mutu mumoja." Akanigeuzia daftari. "Huyu hapa. Aliingia, hajatoka."

"Huyo ni bwana yangu."

"Ego, ndiyo, najua, ndiyo maana nasema pole. Lakini ibara ya ine inasema mumoja tu. Yeye akitoka, we unaingia."

"Vainqueur, amekufa."

Aliitazama ile mistari. Alikuwa mtu mwema na alitafuta kweli, kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Hapa hakuna kisanduku ya hivyo, mama."

Ofisi iko mtaa wa Rohero, ghorofa ya tatu, mbali na ziwa kwa usalama wa mafaili. Mkurugenzi alinipokea kwa heshima. Alisimama, alinipa mkono, akaniketisha kwenye kiti cha wageni.

"Madame Saliha, Ofisi inakupa pole. Vilevile inakupa hongera."

"Hongera ya nini, patron?"

Alinionyesha jedwali ukutani. "Tangu tufungue, eneo halijakaa tupu hata saa moja. Matumizi ni asilimia mia kwa mia! Mume wako amefanya ziara ndefu kuliko zote katika Maziwa Makuu. Nimeshawaandikia wafadhili kwamba wananchi wakishafika hawataki kutoka."

"Basi mufungue njia. Mi nataka tu kusimama kwenye muchanga."

"Njia iko wazi, madame. Ila ina mtu."

Akanisogezea fomu. Ilikuwa inaitwa Tamko la Kutoka la Asiyeweza Kufika Mezani. "Hapa andika 'ametoka', saini kwa niaba yake, kesho unateremka. Sisi si watu wagumu."

Nilishika kalamu. Lilikuwa neno moja, na kwa neno hilo ningepata mchanga wote. Lakini Ofisi ingelibandika neno hilo ndani ya daftari, kwenye mstari wake, na mstari ule ndio kitu cha mwisho ambacho mkono wake uliandika duniani. Neno "kuangalia" lilikuwa limepanda juu kidogo mwishoni, kama alivyoandika siku zote akiwa na haraka. Sikuweza kuweka pembeni yake jambo ambalo hakulifanya.

"Hajatoka," nikasema.

"Basi yumo."

"Yumo."

"Unaona?" Mkurugenzi alifurahi. "Hatupingani hata kidogo."

Miezi minne njia iliendelea kuwa wazi kwa namna hiyo, yaani imefungwa. Kila Jumamosi niliteremka mpaka getini. Vainqueur alinipa kiti chake na kunifungulia ukurasa wa kwanza. Alisema kusoma hakukukatazwa na ibara yoyote, alikuwa ameangalia.

Kisha Ofisi ikatangaza Awamu ya Pili. Wafadhili walikuwa wanakuja Jumanne kuona matumizi kwa macho yao, na kwa kuwa Mtumiaji Namba Moja hakuweza kujitokeza, Mkurugenzi aliamua kuingia mwenyewe. Jumanne ilipofika ibara ya nne ilisahihishwa palepale getini, juu ya boneti ya gari: watumiaji wawili, kwa dharura ya uzinduzi. Halafu akaliinamia daftari akaandika: Namba 2. Népomuscène. Mkurugenzi. Saa 4:00. Lengo la ziara: maono.

Alikunja suruali, akaingia hadi magotini, akanyoosha mkono kuelekea mbali kwa ajili ya picha.

Mimi na Amissi tulikuwa nyuma ya kamba pamoja na umma.

"Chumvi iko huku, patron!" Amissi akapaza sauti. "Huko unaonyesha Kongo!"

Watu walicheka. Mkurugenzi akahamisha mkono kidogo, akaonyesha hoteli. Ndipo mvua ikaanguka, ile ya ghafla, na wafadhili wakakimbilia magari, na Mkurugenzi akawakimbilia wafadhili. Vainqueur alimfuata mbio, daftari likiwa ndani ya shati.

"Patron! Kusaini! Hujasaini kutoka!"

"Lundi!" Mkurugenzi alijibu kupitia dirishani. "Nitasaini lundi!" Yaani Jumatatu. Na kioo kikapanda.

Alasiri ya siku hiyohiyo, saa tisa, akiwa ofisini kwake Rohero, alisaini amri. Ufukwe wote, kuanzia getini hadi majini, ulikabidhiwa kwa shemeji yake kwa miaka tisini na tisa, ili auhifadhi kwa viti vya plastiki na mishikaki. Kijia kingejengewa ukuta kuanzia Jumatatu. Amri ilisema kwa lugha nzuri kwamba njia ya umma itahifadhiwa daima kwa kutotumika.

Jumatano asubuhi ilikuwa imebandikwa getini. Amissi aliisoma mara mbili kwa sauti.

"Sasa tufanye nini, dada Saliha? Tubomoe?"

"Apana. Nitafutie karatasi."

Nilisoma mpaka sekondari, na barua ya kiserikali naijua. Unaanza kwa heshima, unamaliza kwa heshima, jambo lenyewe unaliweka katikati. Niliandika: "Kwa heshima kubwa naarifu kwamba Bwana Mkurugenzi aliingia ziwani Jumanne saa nne na hadi leo hajasaini kutoka. Kwa ibara ya sita, yumo. Kwa ibara ya saba, aliyemo hawezi kusaini amri. Kwa hiyo amri iliyobandikwa getini imesainiwa na mtu asiyejulikana, na naomba uchunguzi. Naipa pole familia ya Mkurugenzi. Mimi najua kusubiri kulivyo. Pokeeni heshima zangu."

Nilikwenda nayo Rohero kwa miguu, na Vainqueur akanisindikiza amebeba daftari kichwani. Tulimpa Madame Daphrose, katibu wa Ofisi, mwanamke aliyegonga mihuri miaka tisa bila kuulizwa maoni. Aliisoma amesimama.

"Una uhakika hajasaini?"

Vainqueur akafungua ukurasa. Kisanduku cha Namba 2 kilikuwa cheupe. Katika chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi, Mkurugenzi alikuwa anasikika akiongea kwenye simu kuhusu viti vya plastiki. Madame Daphrose alikwenda akaufunga ule mlango taratibu, akarudi mezani.

"Basi hayupo," akasema, na akagonga muhuri.

Serikali ilifanya kazi upesi kuliko nilivyowahi kuiona. Kanuni ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, na kwa sababu walimheshimu hakuna aliyethubutu kuivunja. Amri ikawa batili kabla ya wiki kwisha. Matofali ya shemeji yakarudishwa yalikotoka. Madame Daphrose akakaimu ukurugenzi mpaka Mkurugenzi atakapotoka ziwani.

Mkurugenzi alifika getini na kalamu yake mwenyewe. Nilikuwepo, kwenye kiti cha Vainqueur.

"Lete daftari nisaini."

"Patron, anayesaini kutoka anatokea majini. Ni we uliandika."

"Basi fungua niende majini."

"Siwezi, patron. Uko ndani tayari. Nikikuingiza tena, we mwenyewe utakuwa wawili."

"Vainqueur! Unaniona hapa mbele yako?"

"Nakuona vizuri, patron. Lakini mi si daftari."

Mkurugenzi alizungumza sana, baadhi kwa Kifaransa. Vainqueur alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia pole, kwa sauti ileile aliyoniambia mimi.

Madame Daphrose aliwaonea huruma jamaa za Mkurugenzi. Alitoa waraka wa mistari mitatu: jamaa wa aliyemo wana haki ya kuteremka ufukweni kumsubiri, kumwita, au kwenda kumwangalia alipo. Uliandikwa kwa ajili ya Madame Christa, mke wa Mkurugenzi. Lakini kwa mujibu wa daftari waliokuwemo ni wawili, na waraka haukueleza jamaa ni nani.

Jumamosi iliyofuata nilifika getini wa kwanza, nikasimama pembeni mpaka wengine waandikwe. Nyuma yangu ilikuwepo Buyenzi nzima, na overoli zao na mafuta yao mikononi.

"We ni nani wake Tajudini?" Vainqueur alimuuliza aliyenifuata.

"Shemeji."

"Na we?"

"Shemeji ya ule shemeji."

"Na we, Maxime? We ni mutu wa Mutanga, unasali kanisani."

"Alitengeneza gari ya baba mara kumi na moja. Ile si undugu?"

Vainqueur aliwaandika wote, bila kucheka, mpaka akafika kwa mtu aliyevaa suti.

"Patron. We ni jamaa ya nani?"

"Ya Mkurugenzi!"

"Mutu hawezi kuwa jamaa yake mwenyewe." Vainqueur alifikiri kidogo, maana alikuwa mtu mwema. "Na Tajudini, mulikuwa munajuana?"

Mkurugenzi alinitazama. Mstari wote ukanitazama. Madame Christa, ambaye alikuwa ameshapita na kiti chake cha kukunja, akageuka naye.

"Apana," nikasema. "Walipiga tu picha pamoja."

Nikateremka. Kijia ni kifupi kuliko nilivyokikumbuka. Nilivua viatu, nikaingia hadi kwenye vifundo vya miguu, na maji yalikuwa maji tu, ya uvuguvugu, na mchanga ukikimbia chini ya nyayo. Nilisema dua niliyokuwa nimeitunza miezi ile yote. Nilipomaliza sikuwa na la kuongeza, basi nikaanza tena mwanzo. Amissi alishuka na kompresa, na Maxime akamfuata na miwani ya kuazima. Walipopanda juu Amissi alinijia, maji yakimtiririka, akaniambia meli iko vizuri.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Geti linafunguliwa kila siku saa mbili asubuhi, na umma unapita, wote wakiwa ndugu zangu. Mkurugenzi bado yumo. Jumanne na Jumamosi Amissi ananifundisha kuogelea. Kwa sasa nafika hatua ishirini na mbili kati ya zile themanini.