Tishu Ndani ya Swichi

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa! Bosi wangu, Madam Saro, amesimama mbele ya Bibi na kusema amezeeka. Bibi ni swichi yangu ya mtandao. Seva zote, zile kompyuta kubwa za ukumbi huu, huongea kupitia kwake, na kila seva ina mstari wake katika kumbukumbu yake: anwani fulani, tundu fulani. Uwezo wake ni mistari elfu kumi na sita, basi. Imebaki mia tisa mitupu. Ijumaa zinakuja seva mia nane za mteja mpya. Hata moja ikikosa nafasi, Bibi anakwenda kwenye vyuma chakavu.

Bibi! Swichi ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu hapa Tuas, Singapore! Nilimpangusa hata asubuhi ya harusi yangu. Mke wangu bado analitaja jambo hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Adui nimeshamjua. Ni Shikin, fundi mwenzangu, binti wa miaka ishirini na sita anayejifanya anajua kila kitu. (Anajua. Ndilo linaloniudhi.) Kila siku anamwandikia Bibi mistari mipya, ati ya majaribio. Nimemuuliza ya nini. Kasema majibu yamo kwenye mpango alionipa Mei. Mpango upi? Labda zile karatasi ninazowekea kikombe.

Halafu, saa sita na nusu, kwenye vibanda vya chakula, wazo! Meza zote zimejaa, yangu imeningoja. Kwa nini? Kabla ya kupanga foleni ya wali wa kuku niliacha pakiti ya tishu juu yake. Singapore nzima hakuna anayegusa meza yenye tishu.

Nimerudi mbio. Nimemwandikia Bibi mistari mia nane ya seva zisizokuwepo. Nafasi imeshikwa! Ili Shikin asishtuke, nimezipa anwani zinazofanana kabisa na za kweli. Mimi ni hatari.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshikia na ile mia iliyobaki. Huwezi kujua.

Alhamisi, 7 Agosti

Seva za mteja zimewahi siku moja. Shikin kachomeka ya kwanza. Bibi kaikataa. Ya pili, vilevile. Kumbukumbu imejaa pomoni!

Nikasema moyoni, ondoa tishu, wageni wakae. Zipi? Zote zinafanana na za kweli! Nikafuta mstari mmoja nilioushuku. Kumbe ulikuwa wa seva ya milango! Mlango wa kadi wa ghorofa ya tatu ukagoma. Madam Saro alikuwa nje yake, na simu ya mteja mkononi.

Nimeurudisha mstari. Nimemfuata Shikin, nimekiri yote. Alicheka mpaka akakaa chini. “Anko Keat! Umewashikia meza watu hewa mia tisa?”

Kisha akanieleza taratibu, nami leo nilisikiliza. Posta haihitaji kujua kila mtu wa ghorofani, inahitaji nambari ya jengo tu. Basi seva zote za kabati moja zipewe anwani zinazoanza sawa, na Bibi ashike mstari mmoja kwa kabati zima. Kumbe mistari yake ya majaribio ndiyo hiyo! Tangu Juni amekuwa akihamisha anwani, makabati kadhaa kwa siku, ili Bibi asitupwe. “Najua unavyompenda, Anko.”

Nilimwambia vumbi limeniingia machoni. Ukumbi wetu hauna vumbi. Nampenda mtoto huyu, na nimeaibika.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi Shikin kafuta mistari yote ya zamani, tishu zangu zikiwemo, Bibi kabaki na mistari mia nne na ushee. Seva mia nane zimeingia bila kelele. Madam Saro kampapasa Bibi mgongoni, kasema tutastaafu pamoja, Bibi na mimi. Mchana nimempeleka Shikin kula prata, zile chapati za mafuta. Kala nne.

Ila jambo moja linaninyima raha. Bibi sasa ana nafasi zaidi ya elfu kumi na tano wazi. Wazi! Mtu yeyote anaweza kuja tu akakaa! Nimengoja Shikin aende chooni, nikafungua kompyuta yangu palepale kwenye meza ya chakula. Nimeshikia elfu mbili tu.

Na safari hii sina wasiwasi wa kusahau. Anwani ya kwanza na ya mwisho nimeziandika kwenye pakiti ya tishu, na pakiti nimeiacha palepale mezani, itushikie nafasi ya Jumatatu. Hakuna atakayeigusa.